Kufunga Giaboksi ya Otomatiki kwenye Injini Mbadala ya Lori: Vipimo Sita Kabla ya Kununua

Nangurukuru ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara inapita hapa, na hapa hapa huchepuka barabara ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko kwa upande wa bahari, na ile ya Liwale kwa upande wa bara. Kwa sababu hiyo lori si anasa kwa wakazi wetu. Ufuta na korosho hupelekwa maghalani kwa lori, na mchanga, mbao, chumvi, samaki na saruji husafirishwa vivyo hivyo. Lori moja likilala gereji wakati wa msimu, hasara haimfiki mwenye lori peke yake. Inamfika pia mkulima aliyekuwa na magunia yake yanayosubiri kupakiwa.

Malori mengi ya kwetu ni ya umri mkubwa, na injini ndiyo huanza kuchoka. Badala ya kuifumua na kuifanyia matengenezo makubwa, wamiliki wengi huona nafuu kwenda Dar es Salaam kununua injini iliyotumika, na aghalabu iliyotoka Japani. Baadhi ya injini hizo huuzwa zikiwa na giaboksi ya otomatiki, kwa kuwa ndivyo zilivyong'olewa kwenye gari lake la awali. Wamiliki wengine hununua injini peke yake, kisha hushawishika kutafuta giaboksi ya otomatiki mahali pengine, ili dereva apumzike kukanyaga klachi na ili gharama ya pleti za klachi ipungue.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika na mahali inapoharibikia. Jibu kwa ufupi ni kwamba inawezekana, lakini ni kazi ya vipimo. Injini na giaboksi zinapaswa kukubaliana katika mambo sita, na anayenunua kabla ya kupima hugundua kutokukubaliana kwake wakati fedha imekwisha kutoka mfukoni. Mawili kati ya hayo, yaani upoaji wa mafuta na breki ya kuegeshea, yanagusa maisha ya watu na si fedha tu.

Giaboksi ya otomatiki hufanyaje kazi

Katika lori la kawaida, injini na giaboksi huunganishwa na klachi. Dereva akikanyaga, pleti huachana na flaiwili, anabadilisha gia, kisha anaachia. Katika giaboksi ya otomatiki ya asili, nafasi ya klachi huchukuliwa na konvata. Hiki ni chombo cha chuma chenye umbo la mkate wa mofa, kilichojaa mafuta, na ndani yake mna mapanga mfano wa feni. Feni moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta, na mafuta hayo huisukuma feni ya pili iliyoungwa na giaboksi. Kati yao iko feni ya tatu, ambayo huyageuza mafuta yanaporudi ili yasiipinge ile ya kwanza. Kwa njia hiyo lori linapoanza kuondoka, nguvu ya mzunguko huongezeka na kufika karibu mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Ndiyo maana lori la otomatiki huondoka kwa ulaini hata likiwa na mzigo kwenye mchanga.

Chombo hiki hakikuanzia kwenye magari. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alikipatia hataza mwaka 1905 akitafuta njia ya kuunganisha mitambo ya meli na rafadha zake. Magari yaliyafuata maarifa ya baharini baadaye.

Nyuma ya konvata kuna pampu, vali, na pleti nyingi ndogo ndogo zinazobanwa kwa shinikizo la mafuta. Kubanwa kwa pleti hizi au zile ndiko kubadilika kwa gia. Msomaji ashike jambo moja hapa, maana litarudi mara nyingi: katika giaboksi ya otomatiki, mafuta hayafanyi kazi ya kulainisha peke yake. Husukuma, hubana, hupoza na hubeba nguvu yote ya injini.

Ni lazima pia kutofautisha aina. Lori lenye kanyagio mbili tu si lazima liwe na giaboksi ya namna hii. Isuzu wametengeneza mfumo uitwao Smoother, na Fuso wakaleta Duonic kwenye Canter mwaka 2010. Hizo kimsingi ni giaboksi zenye klachi, isipokuwa klachi na gia huendeshwa na kompyuta badala ya mguu na mkono wa dereva. Giaboksi hizo haziwezi kuishi bila kompyuta zake, na kompyuta zake hazizungumzi na injini ngeni. Anayetaka kuoanisha giaboksi na injini nyingine asizinunue, ila akizipata pamoja na injini yake, waya zake na kontroboksi zake zote. Maelezo yanayofuata yanahusu giaboksi yenye konvata.

Kipimo cha kwanza: uso wa injini na uso wa giaboksi

Nyuma ya injini pana uso wa duara wenye matundu ya bolti, na mbele ya giaboksi pana hauzingi yenye matundu yake. Matundu yakipishana, hakuna kinachofungika. Kwa injini kubwa za malori na mitambo kipo kipimo cha kimataifa cha SAE, ambacho huzipa hauzingi namba. Namba 1 ina duara la bolti lenye upana wa milimita 530, Namba 2 milimita 467, na Namba 3 milimita 429, na kila moja ina bolti 12. Namba ikiongezeka, duara hupungua. Injini na giaboksi zenye namba moja zitaingiliana hata kama zimetengenezwa na viwanda tofauti.

Malori madogo ya Kijapani mara nyingi hayafuati namba hizo. Kila kiwanda kina mpangilio wake, na wakati mwingine injini mbili za kiwanda kimoja hutofautiana. Hapo hulazimu kutengenezwa bamba la kuunganishia, la chuma au la aluminiamu nzito, lenye matundu ya injini upande mmoja na ya giaboksi upande wa pili. Bamba hilo ni kazi ya fundi kerezo mwenye mashine nzuri, si kazi ya msumeno na drili ya mkono. Kitovu cha giaboksi kinatakiwa kulingana na kitovu cha krankishafti kwa tofauti isiyozidi sehemu ndogo ya milimita, na hilo hupimwa kwa saa ya kupimia iliyofungwa kwenye krankishafti na kuzungushwa. Kitovu kikikaa upande, sili ya mbele ya giaboksi huvuja na pampu huliwa mapema. Mwenye lori atabadilisha sili mara tatu bila kujua kwamba kosa liko kwenye bamba.

Kipimo cha pili: konvata na nafasi yake

Injini iliyokuwa na klachi ina flaiwili nzito, na katikati ya krankishafti ina beringi ndogo ya kushikilia shafti ya giaboksi. Kwa otomatiki, flaiwili na beringi hiyo huondolewa. Mahali pake hufungwa pleti nyembamba ya chuma inayokubali kupinda kidogo, ambayo mafundi huiita fleksi pleti. Konvata hufungwa kwenye pleti hiyo. Meno ya kuwashia injini nayo huhamia kwenye pleti, kwa hiyo ni lazima kuhakiki kwamba stata inaingiliana nayo sawasawa kwa kina na kwa ukubwa wa meno.

Hapa ndipo giaboksi nyingi nzima zilipovunjwa siku ya kufungwa. Shingo ya konvata inapaswa kuingia hadi mwisho ndani ya pampu ya giaboksi. Fundi huisukuma huku akiizungusha, na huisikia ikizama kwa hatua, mara mbili au tatu. Kisha giaboksi husogezwa kwenye injini hadi nyuso mbili zigusane kwa kusukumwa na mkono, kabla ya bolti yoyote kukazwa. Wakati huo konvata iwe huru, na kati yake na fleksi pleti ibaki nafasi ndogo, kwa kawaida milimita 2 hadi 4 kadiri kiwanda kinavyoelekeza. Kisha konvata huvutwa mbele na kufungwa.

Fundi anayetumia bolti kuvuta giaboksi ili nyuso zikutane anaivunja pampu bila kuiona. Injini itawaka, gia haitaingia, na lawama itamwangukia muuzaji wa giaboksi. Vilevile kama limetumika bamba la kuunganishia, unene wake umeisogeza giaboksi nyuma. Basi nyuma ya krankishafti huwekwa kipande cha kuongezea chenye unene uleule, ili nafasi ya konvata irudi ilivyotakiwa.

Kipimo cha tatu: nguvu na mwendo

Giaboksi hutengenezwa kwa kiwango fulani cha nguvu ya mzunguko na kwa kasi fulani ya injini. Giaboksi ya pikapu ya petroli ikifungwa kwenye injini ya dizeli ya lori, mambo mawili hutokea. La kwanza, nguvu ya mzunguko ya dizeli inaweza kuzidi uwezo wa pleti zake, nazo zikaungua. La pili halitazamiwi na wengi: injini ya petroli huzunguka hata mara 5,500 kwa dakika, ilhali dizeli ya lori hufikia kikomo chake karibu na mara 3,000. Giaboksi iliyozoeshwa kubadilisha gia kwenye kasi ya petroli itasubiri kasi ambayo dizeli haitaifikia kamwe. Dereva atakanyaga mafuta hadi mwisho, na lori litabaki kwenye gia ya pili likiunguruma.

Halafu kuna difu. Tairi la 7.50-16, linalotumiwa na malori mengi madogo, husafiri takribani mita 2.5 kwa kila mzunguko. Tuchukulie injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, giaboksi iko kwenye gia ya moja kwa moja, na difu ni ya 5 kwa 1. Magurudumu yatazunguka mara 400 kwa dakika, lori litakwenda mita 1,000 kwa dakika, yaani kilomita 60 kwa saa. Kama giaboksi ya otomatiki ina gia ya juu yenye uwiano wa 0.75, kasi kwa mzunguko uleule itakuwa kilomita 80 kwa saa. Lakini kama difu ni ya 6.5 kwa 1 na gia ya mwisho ni ya moja kwa moja, kasi itashuka hadi kilomita 46, na injini itaunguruma njia nzima hadi Lindi.

Hesabu hii huchukua dakika chache na kalamu. Uwiano wa difu hujulikana kwa kuinua ekseli ya nyuma juu ya vigingi imara, magurudumu ya mbele yakiwa yamewekewa vizuizi, kisha kuhesabu propela shafti inazunguka mara ngapi magurudumu yote mawili ya nyuma yakizunguka mara moja. Ikumbukwe kwamba lori lenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, wala kilomita 50 kwenye makazi ya watu. Kasi inayozidi hapo haina faida ya kutafutwa.

Kipimo cha nne: anayetoa amri

Giaboksi inahitaji kujua mambo mawili ili ichague gia: lori linakwenda kwa kasi gani, na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Giaboksi za zamani huambiwa hilo la pili kwa kebo iliyounganishwa na kanyagio, au kwa mvuto wa hewa wa injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo kwenye njia yake ya hewa. Giaboksi ya aina hiyo ikifungwa kwenye dizeli itahitaji pampu ya kuvuta hewa na vali ya kuipima.

Giaboksi za kisasa hupokea amri kutoka kontroboksi kwa njia ya umeme. Injini ya zamani yenye pampu ya dizeli isiyo na kompyuta, kama 4D33 ya Canter, haina sensa ya kuieleza kontroboksi chochote. Hapo hulazimu kufunga sensa kwenye kanyagio, na kutumia kontroboksi inayojitegemea. Kinyume chake, injini yenye kompyuta inaweza kukataa kufanya kazi vizuri isipopata taarifa za giaboksi yake ya asili.

Usisahau umeme wenyewe. Malori mengi ya Kijapani hutumia volti 24, na pikapu hutumia volti 12. Solenoidi za volti 12 zikipewa 24 huungua. Mwisho wa kipimo hiki ni swichi ya usalama, inayozuia injini kuwaka isipokuwa lever iko kwenye N au P. Fundi akiiruka swichi hii ili arahisishe waya, ipo siku lori litawashwa likiwa kwenye gia na kumkanyaga aliyesimama mbele yake.

Kipimo cha tano: joto na maji

Konvata inapofanya kazi, sehemu ya nguvu ya injini hugeuka joto ndani ya mafuta. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 hivi. Yakizidi 120 huanza kuungua, sili hukauka, na pleti huteleza. Kuteleza huongeza joto, na joto huongeza kuteleza. Katika hali ya hewa ya pwani yetu, lori lenye mzigo likipanda taratibu vilima vya Matumbi kuelekea Kipatimu, au likijikongoja kwenye mchanga wa njia ya Liwale, litafika huko mapema kuliko linavyofika kwenye lami.

Kwa hiyo kipoozeo cha mafuta si kitu cha ziada. Rejeta ya lori lililokuwa na klachi haina njia ya kupozea mafuta ya giaboksi, hivyo kifungwe kipoozeo cha pembeni, kwenye mkondo wa hewa, chenye ukubwa unaolingana na uzito wa lori. Pia ifungwe geji ya joto la giaboksi mahali dereva anapoiona. Kipoozeo kilichotoka kwenye giaboksi iliyokufa kisitumike kabla ya kusafishwa kabisa, kwa maana chembe za chuma zilizobaki ndani yake zitaiua giaboksi mpya.

Adui wa pili ni maji. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu katika eneo la Somanga, na wengi walishuhudia maji yakiwa juu ya barabara. Giaboksi ya otomatiki ina kipumulio kidogo juu yake. Ikizamishwa kwenye maji baridi ikiwa ya moto, huvuta maji ndani. Maji hubandua gundi inayoshikilia utando wa pleti, na giaboksi hufa baada ya siku chache bila sababu inayoonekana. Mpira wa kipumulio uvutwe juu hadi usawa wa kabini. Mafuta yakionekana yana rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa, lori lisitembee tena hadi yamwagwe na kubadilishwa.

Kipimo cha sita: kazi ambazo giaboksi ya zamani ilizifanya kimya kimya

Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo la hatari kuliko yote. Kwenye malori mengi madogo, ikiwa ni pamoja na Canter na Isuzu Elf, handibreki haiko kwenye magurudumu. Ni dramu iliyofungwa nyuma ya giaboksi, inayoshika propela shafti. Giaboksi ile ikiondolewa, handibreki inaondoka nayo. Giaboksi mpya isipokuwa na dramu ya namna hiyo, lori litakuwa halina breki ya kuegeshea kabisa.

Mtu anaweza kusema kwamba ataweka lever kwenye P. Lakini giaboksi nyingi za otomatiki za malori mazito hazina P. Hata zile zenye P, kinachoshikilia ni kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, ambacho hakikutengenezwa kushika tani kadhaa kwenye mteremko. Lori lisilo na handibreki likiegeshwa sokoni au karibu na shule ni msiba unaosubiri saa yake. Fundi asiyeweza kueleza handibreki itafungwa wapi asiruhusiwe kuanza kazi.

Kazi nyingine za kimya ni hizi. Kwa tipa, pampu ya kunyanyulia bodi huendeshwa na PTO iliyoko ubavuni mwa giaboksi. Si kila giaboksi ya otomatiki ina mlango wa PTO. Kebo au sensa ya spidi mita hutoka kwenye giaboksi. Urefu wa giaboksi ukibadilika, propela shafti hukatwa au hurefushwa, na baada ya hapo ni lazima isawazishwe kwenye mashine, la sivyo mtikisiko wake utaharibu beringi na misalaba. Boriti la kushikilia giaboksi nalo huhamishwa. Litobolewe na kufungwa ubavuni mwa chasi, wala si kwenye kingo zake za juu na za chini, kwa sababu huko ndiko chasi inakobeba uzito na ndiko inakopasukia.

Baada ya kufungwa: dereva naye anapaswa kujifunza

Lori la otomatiki haliendeshwi kwa mazoea ya zamani. Kwanza, haliwashwi kwa kusukumwa. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini, na bila shinikizo la pampu hakuna gia inayoshika. Betri ikifa katikati ya njia ya Njinjo, msaada ni betri nyingine tu.

Pili, lisivutwe kwa kamba safari ndefu magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, hakuna mafuta yanayozunguka ndani ya giaboksi, na sehemu zake husagana zikiwa kavu. Propela shafti ifunguliwe kwanza, ndipo lori livutwe.

Tatu, kwenye mteremko dereva achague gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, na kamwe asiweke N ili kuokoa mafuta. Konvata isipokuwa imejifunga, injini haishiki lori kwa nguvu kama ilivyokuwa kwenye klachi, na hata breki ya eksozi hupungua nguvu. Dereva aliyezoea kushuka kwa kutegemea injini atajikuta akitegemea breki za miguu peke yake hadi zipate moto.

Nne, mafuta hupimwa injini ikiwaka, giaboksi ikiwa ya moto, lori likiwa mahali tambarare, na lever ikiwa pale kitabu cha kiwanda kinapoelekeza. Safari za majaribio zianze bila mzigo, kisha nusu mzigo, na mafuta yakaguliwe kila baada ya safari.

Kadi ya gari na ukaguzi

Kadi ya usajili wa gari huonyesha namba ya chasi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, kadi haisemi tena ukweli. Mwenye lori anapaswa kutoa taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe, na gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi. Kwa hiyo wakati wa kununua injini dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, na hakiki mwenyewe kwamba namba iliyoandikwa ndiyo iliyogongwa kwenye chuma. Injini isiyo na nyaraka inaweza kuwa ya wizi, na mnunuzi ndiye atakayekutwa nayo. Kampuni ya bima nayo ielezwe mabadiliko yaliyofanyika, ili isipate sababu ya kukataa dai siku ya ajali.

Huduma zilizo karibu

Vijana wenye gereji wanaotaka kununua saa za kupimia, winchi au vifaa vya kusomea kontroboksi wanaweza kujiunga katika kikundi. Kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwa dereva mwenye ulemavu wa mguu wa kushoto, giaboksi ya otomatiki inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuwa na kazi na kukosa. Kwa mafunzo ya ufundi, kituo cha VETA kiko Lindi.

Mafuta machafu yanayotoka kwenye giaboksi yasimwagwe mtaroni. Mvua huyachukua hadi kwenye mikoko, na mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba wanaolishia familia nyingi za Kivinje. Yakusanywe kwenye madumu yenye vifuniko, na Afisa Mazingira aulizwe utaratibu wa kuyaondoa.

Uamuzi uwe upi?

Kabla ya kutoa fedha, andika kwenye karatasi gharama zote: giaboksi, konvata, fleksi pleti, bamba la kuunganishia, kontroboksi na waya, kipoozeo, propela shafti, handibreki, mafuta, ujira wa fundi kerezo na wa makanika, pamoja na nyaraka. Bei ya giaboksi aliyoitaja muuzaji ni mstari mmoja tu wa orodha hiyo.

Orodha ikikamilika, wamiliki wengi wataona kwamba njia zenye heri ni mbili. Ya kwanza ni kununua injini inayokubali giaboksi ya klachi ambayo tayari iko kwenye lori na bado ni nzima. Ya pili, kwa anayehitaji otomatiki kwa sababu ya msingi, ni kununua injini na giaboksi vilivyotoka kwenye gari moja, vikiwa na konvata, kontroboksi, waya na kipoozeo chake, na kubaki na kazi ya propela, boriti na handibreki. Njia ya tatu, ya kuoanisha injini ya huku na giaboksi ya kule, aifuate yule tu ambaye fundi wake ameweza kujibu vipimo vyote sita kwa tarakimu, kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa.